Anko Kamera Anajibu: Ya nini kamera yenye madirisha mawili?

Mwezi huu meseji za kamera za mkanda zimejaa mpaka mhariri kaniuliza kama nimefungua duka. Sijafungua. Ila naona vijana mmezifumua kabati za wazee wenu, na nyingi zinazotoka humo ni zile renjifainda, yaani za kupimia umbali kwa kuchungulia, zenye dirisha la kuchungulia pembeni na lingine dogo kando yake, basi nimeamua nizijibu zote kwa mkupuo mmoja, nyingine kwa kirefu, nyingine mstari mmoja unatosha.

SWALI: Shikamoo Anko. Babu alifariki mwaka jana, kwenye sanduku lake tukakuta kamera imeandikwa Yashica Electro 35, ipo ndani ya kava la ngozi. Nikichungulia naona kidoa cha njano katikati na vitu vinaonekana viwiliviwili, nikizungusha lensi vinasogea. Fundi mmoja wa mjini kaniambia kioo kimekufa nimwachie kwa 30,000 atoe spea. Ni kweli mbovu? Na kama nzima, mimi nina simu yenye kamera kali tu, hii itanisaidia nini? (Kijana wa Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa msiba, na babu alijua kununua. Kamera usimwachie mtu. Haijafa, hapo ndo inafanya kazi yake.

Weka kidole mbele ya pua alafu tazama ukuta wa mbali, utaona vidole viwili. Sababu macho yako yameachana kidogo, kila moja linaona kwa upande wake. Kamera ya babu nayo imepewa macho mawili hivyohivyo. Dirisha kubwa unachungulia moja kwa moja, lile dogo linachukua taswira yake na kioo cha ndani kinaitupa katikati ya lile kubwa, ndo hicho kidoa cha njano. Sasa mfumo huo umeunganishwa na pete ya lensi, ukizungusha pete taswira ya pili inasogea, na pale zinapolala moja juu ya nyingine mpaka huoni tena kama zilikuwa mbili, ujue lensi imelenga umbali uleule. Hakuna betri hapo wala kompyuta, ni ile hesabu ya pembetatu tuliyokuwa tunaikimbia sekondari.

Kujua kama inapima sawa, nenda jioni upande wa Ocean Road ambako unaziona meli zimetia nanga nje zinasubiri kuingia bandarini. Zungusha lensi mpaka mwisho kwenye ile alama ya nane iliyolala, tazama meli. Ikionekana moja, uko vizuri. Zikiwa mbili kwa kulia na kushoto, imehama kidogo na inarekebishika, moja ikipanda juu ya nyingine nayo inarekebishika ila inataka mtu mwenye subira na bisibisi ndogo. Kidoa kikiwa kimefifia, mara nyingi ni uchafu na ukungu kwenye vioo vya ndani, inafunguliwa inasafishwa kwa upole, kwa upole nasisitiza, maana ukikisugua kile kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, utakibandua rangi yake na hapo ndo itakuwa imekufa kweli.

Ugonjwa wa Electro huwa uko kwengine. Hii ilitoka Japani 1966 na kwa wakati ule ilikuwa ya kisasa mno, wewe unachagua apacha, yaani ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga kwenye lensi, yenyewe inapiga hesabu ya spidi ya pazia kufunguka na kufunga kwa umeme. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki ya volti 5.6, na betri za zebaki zimepigwa marufuku sehemu kubwa ya dunia, lakini ile ndogo ya volti 6 inayoitwa 4LR44 inaifanyia kazi, haijazi nafasi tu, kwa hiyo unaweka springi au kipande cha chuma cha kuunganisha na unaizungushia karatasi ngumu isicheze. Bila betri kamera itapiga kwa spidi ya 1/500 ya sekunde peke yake, yaani kwenye jua kali utapata picha na kibarazani utapata giza. Ukiwa na betri, taa ya njano ikiwaka inakwambia spidi ni ndogo, egemea ukuta au mkono utatikisika, nyekundu ikiwaka mwanga umezidi, funga apacha.

Kitu cha mwisho kwa hiyo kamera, vuta mkono wa kupeleka mkanda na utege sikio. Lazima usikie mlio wa "tok" ndani. Usipousikia, kuna kipande cha mpira kimeoza kwa uzee, ni maradhi yanayojulikana ya Electro, spidi zinaanza kukudanganya. Kinabadilishwa, lakini mpaka kamera ivuliwe nguo zote.

Haya, na simu. Simu yako ni nzuri, endelea nayo, hakuna aliyekukataza. Ila simu inaamua kabla wewe hujaamua, imeshachagua uso, imeshapandisha kivuli, imeshapiga kadhaa ikachanganya ikakupa moja, na wewe kazi yako ilikuwa kugusa kioo tu. Kamera ya babu ina picha 36 kwa mkanda na mkanda sio bei ya karanga, kwa hiyo utajikuta umesimama pale Mnazi Mmoja unamtazama muuza kahawa dakika nzima, unazilaza zile taswira mbili kwenye mikono yake, unaangalia mwanga, alafu unaamua hupigi. Mimi naamini hiyo dakika ndo inayowarudisha watu kwenye hizi kamera miaka yote hii, maana zile rangi na chengachenga za mkanda programu yoyote ya simu inakuigizia bure.

SWALI: Anko habari za kazi. Mimi si shabiki wa mambo haya, ni mtu wa kompyuta. Rafiki yangu kanunua Leica ya miaka ya hamsini kwa hela ya bodaboda mbili mpya, haina fokasi ya otomatiki, haina skrini, haina hata kipima mwanga, na anaibeba kama mtoto mchanga. Nieleze bila ushabiki, hapo kuna nini zaidi ya kujionesha? (Msomaji wa Upanga)

JIBU: Bila ushabiki itaniwia vigumu kaka, ila nitajitahidi, na kujionesha kupo, sitakuficha.

Anza na Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz kule Wetzlar, Ujerumani. Alikuwa na pumu na kamera za wakati ule zilikuwa mzigo, miguu mitatu, sahani za vioo, sanduku. Mnamo 1913 na 1914 akatengeneza kikamera kidogo kinachotumia mkanda wa sinema wa milimita 35, akaupitisha kwa ubavu ili picha iwe milimita 24 kwa 36. Vita ikaingilia kati, ikaja kuuzwa 1925 kwa jina la Leica. Mpaka hapo ilikuwa haijapata macho mawili, umbali ulikuwa unakadiria kwa jicho au unachomeka kipimo cha pembeni. Mwaka 1932 ndo ikatoka Leica II yenye kipimo kilichofungwa na lensi, na mwaka huohuo Zeiss Ikon nao wakatoa Contax, ushindani ukaanza. Ya rafiki yako, kama imeandikwa M3, ilitoka 1954, na hiyo ndo Leica ya kwanza kuunganisha kupima na kuchungulia kwenye dirisha moja kubwa angavu lenye fremu za mwanga ndani yake. Kwenye Leica za kabla ya hapo ulikuwa unapimia tundu moja unahamia tundu jingine kupanga picha, na mtu akishahama jicho, tukio nalo limeshahama.

Sasa kuna nini. Kwenye kamera nyingi unazozijua unatazama kupitia lensi yenyewe, unachokiona ni kile kitakachoingia, basi. Kwenye renjifainda unatazama dirisha la kawaida, na fremu imechorwa kwa mwanga ndani yake, kwa hiyo unaona na vya nje ya fremu. Ukiwa Kariakoo mtaa wa Kongo saa kumi, mwenye mkokoteni anakuja kutoka kushoto, unamuona kabla hajaingia, unamsubiri afike pale kwenye mwanga. Na ukibonyeza, hakuna giza, maana hakuna kile kioo cha ndani cha kamera hizo nyingine kinachoruka juu mbele ya jicho lako, ile sekunde ya picha unaiona kwa jicho lako mwenyewe. Kioo hakipo kwa hiyo na kelele ni ndogo, na lensi pana zinakaa karibu kabisa na mkanda kwa hiyo zinatengenezwa ndogo. Kwangu mimi hilo la kuona nje ya fremu linazidi yote, mengine ni ziada.

Na ubovu wake nikwambie ule ule ulioua soko lake. Haiwezi kusogea karibu, nyingi zinaishia kama mita moja, za Leica sentimita 70 kwa lensi nyingi, kwa hiyo pete ya bibi harusi sahau. Lensi za mbali hazizidi sana milimita 135, baada ya hapo kile kidoa hakina tena uhakika wa kupima. Na kwa karibu dirisha linaona tofauti kidogo na lensi, unaweza ukakata watu vichwa. Ndo maana Nikon F ilipotoka 1959, yenye kuona kupitia lensi, wapiga picha wa magazeti na wa michezo wakahama kwa wingi, na huwezi kuwalaumu. Mtu akiniambia anataka renjifainda akapigie send-off na kitchen party za watu kwa malipo namkataza, atagombana na kamati.

Kilichobaki ni watu wa mitaani na wa maisha ya kawaida. Yule Mfaransa Henri Cartier-Bresson alianza kutumia Leica mapema miaka ya 1930 akaishikilia maisha yake yote ya kazi, na wewe wa Upanga utapenda hili, mwenyewe alisema picha iliyomuwasha ni moja ya Martin Munkácsi, wavulana watatu weusi wanayakimbilia mawimbi, picha ambayo dunia nzima imeizoea kwa jina la Ziwa Tanganyika. Munkácsi alikuwa wa Hungaria. Kwa hiyo tukijisifu kidogo kwamba huo upigaji picha wa kuvizia sekunde umeguswa na jina la ziwa letu hatutakuwa tumemkosea mtu.

Bei sasa. M3 zilitengenezwa zaidi ya laki mbili, sio kitu adimu, ila ni chuma na shaba na gia, haina betri hata moja ndani, fundi anaifungua, anasafisha, anatia mafuta, inarudi kazini miaka mingine mingi, simu yako hiyo baada ya miaka kadhaa programu zinaikataa. Leica wa leo wanalijua hilo, 2022 wakairudisha sokoni M6 ya mkanda iliyotoka mara ya kwanza 1984, kwa dola 5,295 kule Marekani, hapo kwa hela ya kwetu ulikuwa umepita milioni kumi na bado hujanunua lensi. Hiyo nusu yake unalipia jina, mimi nasema wazi. Mwambie rafiki yako aipige mikanda, asiiweke kwenye kabati la vioo, akiitumia hutamuona tena kama anajionesha.

SWALI: Anko kuna jamaa ananiuzia Leica ya rangi ya dhahabu, ina tai wa Kijerumani na maandishi ya jeshi la anga la wakati wa Hitler. Anataka milioni mbili, ananiambia ni bei ya kirafiki. Nichukue? (Mdau, Kinondoni)

JIBU: Usichukue. Nakaribia kuapa kwamba hiyo ni FED au Zorki, kamera za Muungano wa Sovieti wa zamani, iliyochubuliwa jina ikachorwa upya, zimejaa dunia nzima, na kadiri mapambo yanavyozidi ndivyo uongo unavyozidi. FED walianza kuiga Leica II mwaka 1934 pale Kharkiv, Ukraine, jina lenyewe ni herufi za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, yule mkuu wa polisi wa siri, Zorki wakafuata baada ya vita. Mwambie afungue lensi, uchungulie juu ndani ya tundu, kuna kikono kinachoguswa na lensi ili kupima umbali. Kwenye Leica mwisho wake ni kigurudumu cha duara, kwenye hizi za Kisovieti ni kipande bapa kama cha kabari. Akikataa kufungua lensi, ushapata jibu.

Ila nisizitukane, Zorki yenye jina lake halisi kwa bei yake halisi ni kamera ya kujifunzia nzuri tu. Sharti moja, vuta mkanda kwanza ndo ubadilishe spidi, ukibadilisha kabla ya kuvuta unaweza ukavunja kitu ndani, na huyo fundi wa kukirudishia utamtafuta mpaka Morogoro.

SWALI: Nimepiga mkanda mzima Coco Beach, wote umetoka mtupu hauna kitu, na dirishani nilikuwa naona safi kabisa. (Dogo wa Mikocheni)

JIBU: Ulitoa kifuniko cha lensi? Dirisha halipiti kwenye lensi mdogo wangu, utaona bahari yote na kifuniko kipo palepale. Kama ulikitoa basi mkanda haukushika, siku nyingine ukivuta angalia kile kitufe cha kurudishia mkanda upande wa kushoto, lazima nacho kizunguke.

SWALI: Anko shikamoo. Nina Canonet ya baba, inafanya kazi, ila lensi imeanza kuota kama utando wa buibui ndani. Naishi Kigamboni karibu na bahari. Pia studio nilizokuwa napeleka mikanda zamani sasa ni za paspoti saizi na kuprinti vikombe, nisafishe wapi? Na bila betri napimaje mwanga? (Mama wa Kigamboni)

JIBU: Marahaba dada yangu. Huo utando ni fangasi, na Dar ndo nyumbani kwao, joto na unyevu. La kwanza toa kamera kwenye kava la ngozi, ngozi inashika maji, watu wanadhani wanailinda kumbe wanaifuga. Weka kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ila vikishalowa ubadilishe. Alafu itoe juani mara kwa mara, fungua mgongo ukiwa huna mkanda, itumie. Fangasi akiwa mdogo picha bado zinatoka vizuri, akishakula ule mpako wa kioo, ukisafisha alama inabaki.

Hapo juani kuna tahadhari kwa wenye Leica, Zorki na FED, wewe Canonet haikuhusu maana pazia lake ni la vipande vya chuma ndani ya lensi. Zile zingine zina pazia la kitambaa, na hamna kioo cha kulikinga, kwa hiyo ukiiacha mezani lensi inatazama jua la saa sita, inakusanya mwanga kama ile miwani ya kuwashia karatasi na inatoboa tundu. Funika lensi, au ilaze inaangalia chini.

Mwanga bila betri ni rahisi kwa jua letu. Mkanda wa 200 (ile namba ya ISO kwenye boksi), jua la wazi, apacha 16 na spidi 1/250, imeisha. Mawingu mepesi fungua mpaka 11, chini ya mwembe fungua 5.6 au hata 4. Kwa watu weusi waliovaa kofia saa sita mchana, uso uko kivulini, usipime kanzu, pima uso, na kwa mikanda ya negetivu ukizidisha mwanga kidogo haidhuru, ukipunguza ndo unapoteza. Mimi mkanda wa 200 naupiga kama ni wa 100 na sijawahi kujuta. Unaponunua uliza umekaa wapi, mkanda uliokaa dirishani kwenye duka lisilo na feni miaka mitatu rangi zimeshahama. Ndugu akikuletea kutoka nje aubebe mkononi na aombe ukaguliwe kwa mkono, asiutie kwenye begi la chini, zile mashine zinauchoma.

Kusafisha, rangi peleka kwa studio zilizobaki au kusanya na wenzako mtume pamoja, kemikali zake zinataka nyuzi 38 bila kupanda wala kushuka, na sio kazi ya kuanzia. Nyeusi na nyeupe fanya mwenyewe bafuni, sio uchawi, unahitaji tenki, mfuko mweusi wa kuingizia mikono, dawa ya kutolea picha, fiksa ya kuishikiza isifutike, na themomita. Vitabu vyote vinakwambia nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar yanakuja ya moto kuliko kiwango hicho, kwa hiyo andaa beseni la maji, utie chupa za barafu, uzamishe dawa zote humo mpaka zishuke. Ukimaliza hata maji ya kuoshea yawe karibu na joto hilohilo. Mkanda wa nyeusi na nyeupe wa HP5 kwenye dawa ya kutolea picha ya D-76 isiyochanganywa maji ni dakika saba na nusu, ukiacha ipande joto muda unafupika mno na unapata madoa. Anika usiku bafuni baada ya watu kuoga, vumbi linakuwa limetulia, alafu negetivu unazipiga kwa simu ukiziweka juu ya skrini nyeupe, umezinyanyua kidogo zisigusane na kioo. Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha ya mkanda ndani yake, usiimwage kwenye mchicha.